Kamba Iliyolegea: Kivumishi cha Kiingereza «remiss», Asili Yake na Hukumu Yake kwa Kiswahili

1. Utangulizi

Yako maneno ya kigeni yanayomtaabisha mfasiri kwa ugumu wake, na yako mengine yanayomtaabisha kwa wepesi wake. Kivumishi cha Kiingereza «remiss» ni cha kundi la pili. Ni neno fupi lenye silabi mbili, nalo hukutwa zaidi katika barua za kiofisi, katika hotuba, katika ripoti za ukaguzi na katika maonyo ambayo mkubwa wa kazi humpa mdogo wake. Mwanafunzi anayelikuta kwa mara ya kwanza huelewa upesi kwamba mtu fulani hakutimiza wajibu wake. Basi huandika «mzembe», kisha huendelea na sentensi inayofuata.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba upesi huo una gharama. «Remiss» hulaumu ulegevu wa mtu mbele ya wajibu maalumu na katika wakati maalumu. «Mzembe» humhukumu mtu mzima, pamoja na tabia yake na jina lake. Aliyesema neno la kwanza hakusema la pili. Umbali uliopo kati ya maneno hayo mawili si wa mapambo ya lugha tu: barazani, hospitalini na chuoni, waweza kuamua kama mtu ataonywa au atafukuzwa, kama atalipa fidia au atadharauliwa maisha yake yote. Ili umbali huo uonekane, yafaa kuanzia kwenye asili ya neno, kisha kulitazama katika ukoo wake, na mwisho kuuliza Kiswahili kina njia gani za kulipokea.

2. Asili: upinde na uzi

Neno hili limetoka katika Kilatini. Kitenzi «remittere» kimeundwa kwa sehemu mbili: kiambishi «re-», chenye maana ya kurudi nyuma, na kitenzi «mittere», yaani kutuma au kuachilia. Kutokana na «mittere» lugha za Ulaya zimepata maneno mengi ambayo wasemaji wa Kiswahili wa Kongo wanayafahamu kwa njia ya Kifaransa na ya kanisa: misioni ni mahali walipotumwa watu, na «permis» anayoionyesha dereva barabarani ni idhini aliyoachiliwa.

«Remittere» basi ni kurudisha, lakini pia ni kuachilia kitu kilichokuwa kimevutwa. Uzi wa upinde ulionyoshwa, ukiachiliwa, hurudi nyuma na kupoteza mkazo wake. Uzi wa zeze ukilegezwa, sauti yake hushuka. Sifa ya kitu kilichofanywa hivyo ni «remissus», yaani kilicholegezwa. Yafaa kusisitiza umbo hilo la kisarufi. Neno halikuanza kama jina la tabia ya kuzaliwa nayo. Lilianza kama sifa inayotokana na kitenzi, na inayotaja hali ya kitu baada ya kutendwa jambo. Uzi ulikuwa umekazwa, sasa umelegea, na kesho waweza kukazwa tena.

Jambo la pili ni kwamba katika Kilatini sifa hiyo haikuwa lawama wakati wote. Mtu «remissus» aliweza kuwa mpole, mtulivu, asiye na ukali. Na aliweza pia kuwa mtu asiyejibidiisha. Warumi walijua kwamba kulegeza kuna faida yake. Phaedrus, mtunzi wa ngano wa karne ya 1, anasimulia jinsi Aesop alivyochekwa na mtu wa Athens kwa kucheza na watoto. Aesop akaweka njiani upinde uliofunguliwa uzi, kisha akamfafanulia mchekaji kwamba upinde unaoachwa umekazwa daima huvunjika upesi, bali ule unaolegezwa hufaa siku ya haja. Neno alilolitumia Phaedrus ni la shina jingine, lile lililozaa «lax» ya Kiingereza, lakini picha ni ile ile.

Kiingereza kililipokea neno hili mwanzoni mwa karne ya 15. Katika miaka ya awali liliweza kusemwa hata juu ya vitu: kimiminiko kilichopungua nguvu, rangi iliyofifia, sauti iliyo hafifu. Polepole matumizi hayo yalikufa, ikabaki lawama juu ya mtu peke yake. Hata hivyo, alama ya asili haikufutika. Mpaka leo Kiingereza husema kwamba mtu alikuwa «remiss» katika jambo fulani, na mara chache sana huliweka neno hilo mbele ya jina ili kusema «mtu remiss». Kivumishi hiki hukaa baada ya kitenzi, kama taarifa ya hali, na karibu kila mara hudai kutajiwa wajibu uliolegezwa. Uzi ule bado unauliza: ulilegezwa kwenye upinde upi?

3. Mtego wa Kifaransa

Msomaji wa Kongo hukifikia Kiingereza kwa kupitia mlango wa Kifaransa, na hapa mlango huo una kizingiti. Kifaransa kimerithi kitenzi kile kile, «remettre», na kukipa kazi nyingi: kurudisha kitu mahali pake, kukabidhi, kuahirisha, kusamehe deni. «Remise» ni punguzo la bei dukani, na pia ni banda la kuwekea vyombo. «Rémission» ni msamaha wa dhambi, na kwa waganga ni kipindi ambacho ugonjwa hupungua makali. Lakini lawama ya kutotimiza wajibu haimo katika ukoo huo wa Kifaransa. Kwa lawama hiyo Mfaransa husema «négligent».

Hivyo hutokea kichekesho ambacho walimu wa lugha wangefaidika kukitumia darasani. Kwa Kifaransa, kazi ya mwanafunzi iliyo «remis» ni kazi iliyokwisha kukabidhiwa mwalimu. Kwa Kiingereza, ongeza herufi moja tu, na mwanafunzi aliye «remiss» ni yule ambaye pengine hakukabidhi kitu. Maneno ni ndugu wa tumbo moja, lakini mmoja amefika na kazi mkononi, na mwingine amekuja mikono mitupu.

Kiingereza nacho kimehifadhi upande wa rehema wa ukoo huu. «Remission» iliingia kwa njia ya Kifaransa kabla ya «remiss», ikiwa na maana ya msamaha wa dhambi, jambo ambalo Biblia ya Kiswahili huliita ondoleo la dhambi. «Remit» ni kutuma fedha, na pia kusamehe adhabu. Yaani shina moja limezaa jina la kosa la kulegeza na jina la kulegezewa adhabu ya kosa. Aliyelegeza kamba ya kazi yake hulaumiwa. Aliyelegeza kamba ya hukumu yake husifiwa. Tendo ni moja, na tofauti iko katika kujua ni kamba ipi iliyopaswa kubaki imekazwa.

4. Ndugu na jirani za neno

Neno haliwezi kupimwa peke yake. Kiingereza kina maneno mengine ya kulaumu mtu asiyetimiza wajibu, na kila moja limebeba picha yake.

La kwanza ni «slack», neno la Kiingereza cha kale, lenye picha ile ile ya kamba isiyokazwa. Maana yake iko jirani kabisa na ya «remiss», ila daraja ni tofauti. Mwalimu humkemea mtoto kwa «slack». Barua yenye muhuri hutumia «remiss». Tangu ushindi wa Wanormani mwaka 1066, Kiingereza kimekuwa na ghala mbili: maneno ya nyumbani yaliyo mafupi na makali, na maneno ya Kifaransa na Kilatini yanayovaa koti. Msemaji wa Kiswahili hashangai, maana naye ana -legevu na -zembe kwa upande mmoja, na ghafala, ajizi na taksiri zenye asili ya Kiarabu kwa upande mwingine. Hata hizo zina picha zake: taksiri hutokana na shina la ufupi, yaani kutofika kipimo, ajizi hutokana na udhaifu wa kutoweza, na ghafala ni ya akili iliyosahau.

La pili ni «negligent». Asili yake ya Kilatini ni kukanusha kitenzi cha kuokota, kuchagua na kusoma. Aliye «negligent» hakuokota kilichopaswa kuokotwa: jambo lilikuwa mbele yake, naye akalipita. Neno hili limeingia katika sheria kwa nguvu nyingi. Mwaka 1932 jopo la mahakimu wa Baraza la Malordi mjini London liliamua kesi ya Donoghue na Stevenson, iliyoanzia Paisley, Scotland, mwaka 1928, ambapo mwanamke alidai kwamba alikunywa kinywaji cha tangawizi kutoka katika chupa iliyokuwa na konokono. Tangu uamuzi huo, kutochukua uangalifu kwa ajili ya jirani kumekuwa msingi wa madai unaojitegemea katika sheria ya Kiingereza.

La tatu ni «derelict», kutoka katika kitenzi cha Kilatini cha kuacha kabisa. Jengo lililohamwa na kuanza kubomoka huitwa hivyo, na askari aliyeuacha wajibu wake pia. Kanuni ya sheria za kijeshi ya Marekani, iliyotungwa mwaka 1950, ina kifungu cha 92 kinachoadhibu kosa hilo.

Zipo basi daraja tatu na picha tatu. Wa kwanza alilegeza kamba aliyokuwa ameishika. Wa pili hakuiokota kamba. Wa tatu aliitupa akaenda zake. Kiswahili kina vitenzi vitatu vinavyolingana na daraja hizo bila kulazimishwa: kulegeza, kupuuza na kutelekeza. Mfasiri anayeandika «uzembe» mahali pote pa tatu huwa amefuta ngazi, na msomaji wake hawezi tena kujua kama mshtakiwa alisinzia, alidharau au alitoroka.

5. Hamlet asiyeshuku

Mfano mmoja wa fasihi watosha kuonyesha hatari hiyo. Katika tamthilia ya Hamlet, ambayo Shakespeare aliiandika karibu na mwaka 1600, mfalme Claudius hupanga na Laertes njama ya kumwua Hamlet katika mchezo wa panga. Upanga mmoja utaachwa mkali, tofauti na panga za mchezo, nao utapakwa sumu. Laertes atahitaji kuuchagua bila kugunduliwa. Claudius anamhakikishia kwamba jambo hilo litakuwa rahisi, kwa sababu Hamlet ni «remiss», ni mkarimu mno, hana hila moyoni, kwa hiyo hatazikagua panga.

Kama hapo ataandikwa Hamlet mzembe, tamthilia itapata jeraha. Mzembe hakagui panga kwa sababu hajali kazi. Hamlet hazikagui kwa sababu hamshuku mpinzani wake. Kinachomwua ni unyofu wa moyo, na ndiyo maana Claudius anautaja pamoja na ukarimu. Maana ya kale ya Kilatini, ile ya mtu aliyetulia na asiyejikaza, bado inapumua katika mdomo wa mwuaji. Ubaya wa Claudius huonekana zaidi kwa kuwa anaijua fadhila ya mwathiriwa wake, na anaitumia kama mlango wa kuingilia. Kiswahili kinaweza kulisema jambo hili vizuri: Hamlet hana hadhari, moyo wake mweupe, hashuku mtu. Hakuna hata moja kati ya semi hizo litakalotokea katika orodha ya visawe vya «remiss», na bado kila moja ni tafsiri iliyo bora kuliko kisawe.

Swali hili si la kubuni. Shakespeare alianza kufasiriwa kwa Kiswahili zamani: tafsiri ya Julius Caesar iliyofanywa na Julius Nyerere ilitoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya The Merchant of Venice, ikatoka mwaka 1969. Kila atakayeiendeleza njia hiyo atakutana na vivumishi vya namna hii, vilivyobeba maana ya wakati wake chini ya maana ya leo.

6. Mzembe ni nani?

Sasa yafaa kukigeukia Kiswahili chenyewe. Kwa nini «mzembe» ni kizito hivyo? Sababu ya kwanza ni ya kisarufi. Neno linapochukua kiambishi cha m- na wa-, huingia katika ngeli ya watu, kama mwizi, mchawi, mlevi. Halielezi tena tendo, bali humweka mtendaji katika jamii yake. Mlevi hubaki mlevi hata asubuhi ambapo hajanywa, na mzembe hubaki mzembe hata siku aliyoamka mapema.

Sababu ya pili ni ya historia. Nchini Tanzania neno uzembe limepita katika kampeni za kazi na za uzalishaji, hasa katika miaka ya 1980, ambapo lilisimama karibu na uzururaji na uvivu. Aliyeitwa mzembe aliitwa adui wa ujenzi wa taifa. Pia magazeti ya huko hulitumia kila dereva anapoendesha bila uangalifu na kusababisha ajali. Magazeti ya Kenya kwa jambo hilo hilo hupendelea utepetevu na mapuuza. Uchaguzi huo wa majirani wawili waonyesha kwamba Kiswahili hakijakata shauri moja, na kwamba Kongo, ambapo Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zilizotajwa na Katiba ya 2006, ina nafasi ya kuchagua kwa hoja badala ya kuiga.

Dawa iko ndani ya lugha yenyewe, katika kitenzi. Tazama mfululizo huu: alizembea, amezembea, huzembea, ni mzembe. Wa kwanza alikosa siku moja. Wa pili amekosa, na matokeo yako mbele ya macho. Wa tatu ana mazoea. Wa nne amehukumiwa. Kiingereza hupata tofauti hizo kwa kuzunguka, na Kiswahili huzipata kwa silabi moja. Kwa kuwa «remiss» ilizaliwa katika kitenzi, basi yafaa irudishwe katika kitenzi. Muuguzi ambaye hakupima homa ya mgonjwa katika zamu yake alilegea katika zamu hiyo. Mlinzi aliyesahau kufunga lango alilegeza ulinzi. Lawama ipo, tena ni wazi, lakini ina mipaka.

Mzizi wa legea unastahili kutajwa zaidi, kwa sababu unafuata njia za Kilatini kwa karibu mno. Una upande wa lawama: kulegalega, ulegevu. Una upande wa sifa: macho yaliyolegea ni uzuri katika mapenzi. Una pia upande wa rehema: serikali hulegeza masharti, mkopeshaji hulegeza masharti ya deni. Kinyume chake ni kukaza, ambako pia kwaweza kuwa bidii au ukatili. Zaidi ya hayo, katika baadhi ya matamshi ya Kiswahili umbo «regea» husikika kwa maana mbili, yaani kurejea na kulegea. Asili za maana hizo ni tofauti, na kufanana kwake ni kwa sadfa tu. Hata hivyo ni sadfa inayopendeza, kwa kuwa «remittere» nayo iliunganisha kurudi nyuma na kulegea katika neno moja.

Tahadhari moja yahitajiwa. Kivumishi -legevu, kikisemwa juu ya mtu, huelekea kutaja udhaifu wa mwili au wa nia. Mtu mlegevu si lazima awe amekosa wajibu wowote. Kwa hiyo si kivumishi kinachopendekezwa hapa, bali vitenzi: kulegea katika jambo, kulegeza jambo.

7. Mbele ya hakimu

Uzito wa suala hili huonekana zaidi barazani. Sheria ya madai ya Kongo bado inasimama juu ya agizo la tarehe 30 Julai 1888, lililorithi mawazo ya kanuni ya Ufaransa ya 1804. Kifungu cha 258 humlazimu mtu kufidia hasara aliyoisababisha kwa kosa lake. Kifungu cha 259 huongeza kwamba mtu huwajibika pia kwa hasara iliyotokana na kutochukua uangalifu na kukosa hadhari. Kanuni ya adhabu ya mwaka 1940 nayo huadhibu kifo na majeraha yaliyosababishwa bila kukusudia, kwa kukosa kuona mbele au kukosa tahadhari.

Sheria hizo zimeandikwa kwa Kifaransa. Lakini mashahidi na washtakiwa wengi wa Katanga, Kivu, Maniema na Ituri huleta maneno yao kwa Kiswahili. Kati ya pande mbili husimama karani au mkalimani. Sheria haimwulizi mshtakiwa kama yeye ni mtu wa namna gani. Inamwuliza alifanya nini, au aliacha kufanya nini, siku ile. Swali likifika kwake katika umbo la «Je, wewe ni mzembe?», atajibu swali jingine kabisa: atawaita majirani washuhudie kwamba huamka alfajiri, kwamba hulea watoto yatima wa ndugu yake, kwamba hajapata kulewa. Yote hayo yaweza kuwa kweli, na yote hayahusu breki ambazo hakuzikagua. Kwa upande mwingine, akikubali kwamba siku ile alilegea, karani akaandika kwamba amekiri kuwa mzembe, huwa ametiwa kinywani ungamo ambalo hakulitoa.

Kosa hapo si la hakimu wala si la mshtakiwa. Ni la neno lililowekwa mahali pa neno jingine. Sheria inayotenganisha kosa na tabia hutafsiriwa kwa lugha inayoyaunganisha, hali lugha hiyo hiyo ina uwezo wa kuyatenganisha kwa kitenzi.

8. Mwizi wa fadhila

Yako matumizi moja ya «remiss» ambayo wasomi huyakuta kila mwaka. Msemaji wa Kiingereza, akimaliza hotuba au akiandika ukurasa wa shukrani, husema kwamba angekuwa «remiss» kama asingemshukuru fulani. Hapo hakuna kosa lililotendwa. Msemaji hujitia lawamani kwa ajili ya kosa ambalo yuko katika kulikwepa, na kwa njia hiyo shukrani huonekana kuwa deni, si hiari. Kifaransa hufanya vivyo hivyo kwa kusema kwamba mtu angekosa kutimiza wajibu wake.

Mwanafunzi wa Kongo anayeandika tasnifu kwa Kiswahili huchota mara nyingi katika umbo hilo la Kifaransa. Mwenzake wa Tanzania ana usemi wake ulio tayari: atakuwa mwizi wa fadhila asipowashukuru walimu wake, au atakuwa mchache wa fadhila. Usemi huu unastahili kutazamwa kama uhakiki wa «remiss» uliofanywa na Kiswahili chenyewe. Kwa Mwingereza, kutoshukuru ni kulegeza kamba. Kwa Mfaransa, ni kukosa katika wajibu. Kwa Mswahili, ni wizi: fadhila ni mali ya aliyeitoa, na asiyeishukuru amekwenda nayo kichinichini. Hapa mfasiri haruhusiwi kusema «nitakuwa mzembe». Atachekwa, tena kwa haki, maana hakuna mzembe anayejitangaza kwa unyenyekevu. Kisawe sahihi kina picha tofauti kabisa, na bado kinafanya kazi ile ile mahali pale pale.

Yafaa pia kuona kwamba katika usemi huu Kiswahili, kinyume cha desturi iliyosifiwa juu, kimechagua jina la mtu, mwizi, wala si kitenzi. Sababu iko wazi: anayejihukumu mwenyewe ana ruhusa ya kuwa mkali. Ukali ambao ni dhuluma ukitupiwa mwingine huwa adabu ukigeuzwa kwa nafsi.

9. Pingamizi na hitimisho

Yawezekana kupinga kwamba mambo haya yote ni anasa, na kwamba Kiswahili hakipaswi kupimwa kwa kila kona ya Kiingereza. Pingamizi hilo lina haki nusu. Lugha haiongezewi heshima kwa kuwa na kisawe cha kila neno la wengine. Lakini mwendo wa makala haya umekuwa kinyume: neno la kigeni limetumika kama kioo, na kilichoonekana ndani yake ni mali ya Kiswahili iliyokuwa imelala. Kulegeza, kupuuza, kutelekeza, kughafilika, taksiri, wizi wa fadhila, vyote vilikuwepo kabla ya mwanafunzi kufungua kamusi. Kilichokosekana ni mfasiri aliyesimama kidogo kabla ya kuandika «mzembe».

Kutokana na hayo, mambo matatu yaweza kupendekezwa kwa wanaofundisha na wanaotunga kamusi. Kwanza, kivumishi kama «remiss» kisiingizwe katika kamusi kwa orodha ya visawe vilivyotengwa kwa mikato, bali kwa sentensi fupi zinazoonyesha wajibu uliolegezwa. Pili, mwanafunzi afundishwe kuuliza kwanza kama matini yanalaumu tendo au yanahukumu mtu, na kuchagua kitenzi au jina kulingana na jibu. Tatu, wakalimani wa mabaraza wapewe mazoezi maalumu juu ya msamiati wa kosa lisilokusudiwa, maana hapo ndipo neno moja humgusa mtu mfukoni na katika heshima yake.

Wahenga walisema ajizi ni nyumba ya njaa, na methali hiyo hulaumu hali bila kumtaja mwenye hali. Walijua kulilaani kosa na kumwachia mkosaji nafasi ya kuukaza uzi wake tena. Tafsiri njema ya «remiss» haidai zaidi ya hapo.